Hapana Mbili za Attracta Considine

Mimi Dympna Hehir, mshonaji wa hapa Ennis, mji wetu wa jimbo la Clare, nimetenganishwa na jirani yangu Attracta Considine kwa ukuta mmoja tu. Ni ukuta wa mawe wa enzi za watawa wa ile abasia ya kale ya mjini kwetu, mnene kweli, na bado sauti yake inaupenya. Miaka thelathini na moja namsikia kila asubuhi: "Amka, mwanangu! Uji unapoa!" Wahispania, Wajapani, Wabrazili, wote waliolala kwake wakisoma Kiingereza shule ya mtaa wa pili wameamshwa na sauti hiyo, na jioni wakarudi kula viazi na kabichi huku wakisahihishwa. Na huyo anayesahihisha aliacha shule ana miaka kumi na minne! Mmoja wa watu wake leo ni hakimu kule Valencia. Picha yake iko ukutani, na joho lake. Attracta huifuta vumbi kila Jumamosi, nami nikiitazama najivuna utadhani nimemzaa mimi.

Sasa mwaka huu shule ikapata msimamizi mpya wa malazi, Bwana Prendergast. Baba yake wa huku huku Clare, lakini yeye mwenyewe amekulia Uingereza. Akaandika barua kwamba Alhamisi atapita kukagua, maana anapunguza nyumba zinazolaza wanafunzi. Sababu zake: ngazi nyembamba, wenyeji wazee na, hili ndilo lililonichemsha damu, lafudhi nzito ya mtaani. Ebo! Mtu aje Ennis halafu aondoke na lafudhi ya wapi?

Attracta aliikunja ile barua ikawa ndogo kama stempu.

"Wakinitoa, Dympna, nitampikia nani? Tangu Colm wangu afariki, nyumba hii inapumua kwa ajili ya hawa watoto."

Macho yalimjaa machozi. Nilikuwa sijamwona akilia tangu siku tuliyomzika mumewe.

"Usijali, mwenzangu," nikamwambia. "Akileta za kuleta namchoma sindano."

Wakati huo chumba cha juu alikuwa anakaa Jucilene, muuguzi kutoka Brazili, mwezi wake wa tano. Alipofika alijua salamu tu. Wiki ya kwanza aliniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema hapana, kama mtu yeyote mwenye adabu zake. Weee! Akaondoa kikombe! Nilirudi kwangu koo kavu. Attracta akamweka kitako.

"Sikiliza, mwanangu. Hapana ya kwanza ni adabu. Ya pili, mtu anapima kama unamtaka kweli. Uliza mara ya tatu, na uwe umeshaanza kumimina."

Alhamisi saa kumi Prendergast akaingia. Nilikuwa nimejipa kazi ya kupinda pazia la jikoni, pazia ambalo halikuwa na tatizo lolote. Alikaribishwa chai mara tatu, akakataa mara tatu, na alimaanisha! Tulitazamana. Akapanda ngazi, akagonga kuta, akashuka na uso wake mkavu. Kisha akamwita Jucilene wazungumze.

Walizungumza nusu saa. Jucilene alimsimulia habari za wodi yake kule kwao Recife, na za mzee mmoja aliyekuwa akificha vidonge ndani ya kiatu. Hapo akavitazama viatu vya Prendergast vinavyong'aa.

"Na hivyo vyako, bwana, vimewahi kukanyaga matope, au huwa unabebwa?"

Huo ulimi wa Attracta kabisa, mpaka ile kupandisha sauti mwishoni! Prendergast aliangua kicheko. Mimi nilijivuna nusura nijishone kidole.

Akatoa fomu. "Bibi Considine, nilikuja na nia nyingine, sitaficha. Lakini ningependa ubaki kwenye orodha. Utakubali?"

"Aa, hapana," akasema Attracta. "Tafuteni vijana. Mimi nimechoka."

Nikatabasamu, nikangoja. Bwana yule akafunga kalamu yake.

"Naelewa. Asante kwa miaka yote hiyo." Akairudisha fomu kwenye mkoba!

Haki ya Mungu! Attracta alibadilika rangi, aprini ameishika kwa mikono miwili. Lakini aseme kwamba anataka? Bora afe. Na mimi ningemsemeaje mbele ya mgeni? Ningemvua nguo. Basi sisi wanawake wawili wa Clare, midomo yetu hii, tukakaa kimya tukimtazama akivaa koti.

Jucilene akasimama mlangoni.

"Rudi ukae, bwana. Muulize tena."

"Lakini amekataa."

"Amesema hapana moja tu. Huku moja haihesabiwi. Baba yako si wa huku? Hakukufundisha?"

Prendergast aliiva masikio kwa aibu. Akarudi mezani.

"Bibi Considine, kweli hutaki?"

"Nitawasumbua tu. Na hizo ngazi zenyewe unaziona."

"Hiyo ya pili," akanong'ona Jucilene. "Sasa ya tatu, na karatasi iwe mezani."

Akaitoa fomu, akailaza mbele ya Attracta, akamwekea kalamu mkononi.

"Tafadhali, mama. Hatuna mwingine kama wewe."

"Haya basi," akasema Attracta, jina lake ameshaliandika nusu, "kama mmekwama kiasi hicho."

Niliinamia pazia langu nikalia bila aibu. Nimewaona wengi wakitoka nyumba ile na vyeti vyao, lakini sijawahi kumwona mgeni akimfundisha mtoto wa Clare adabu za Clare. Shule gani ina mwalimu wa kutoa mwanafunzi wa hivyo?

Jucilene alikuwa ameshabandika birika.

"Chai, Bwana Prendergast?"

"Hapana, asante," akasema. Akavua koti, akavuta kiti, akakaa kungoja.