Pua ya Mama Mapovu

"Mama mkubwa, unajuaje ndani pametakata na hujapafungua?"

Mtoto wa mdogo wake aliuliza hivyo likizo moja, akiwa darasa la pili, ameegemea mlango wa banda la uani. Mama mkubwa alikuwa akiuogesha mtambo wake wa pombe. Alicheka tu. "Nenda kacheze, wakili wee."

Lakini swali lilikuwa na haki yake. Mtambo ule mumewe, fundi wa kuchomelea, aliuunda kwa mikono yake: pipa la kuchemshia, pipa la kuchachushia, na katikati bomba lililojipindapinda kama utumbo. Kila kiungo alikichomelea. Hakuna nati, hakuna skrubu. "Huu hauvuji mpaka tufe," alijitapa. Kweli haukuvuja. Ila haukufunguka pia.

Kwa hiyo ulioshwa ukiwa mzima. Pombe ikishatoka tu, kabla mashapo hayajagandamana, Mama Mapovu, maana ndivyo mtaa ulivyomwita, alipitisha maji ya vuguvugu. Kisha maji ya moto yenye magadi, pampu ndogo ikiyazungusha, yanatoka huku yanarudi kule, mpaka yaache kubadilika rangi. Akasuuza. Mwisho maji yanayotokota, koki ikiwa wazi ili nayo iungue vizuri, kwani uchafu hupenda kujibanza kooni mwa koki. Halafu akainama, akafumba macho, akavuta mvuke puani. Ukiwa na harufu ya chuma cha moto tu, kazi imekwisha. Ukiwa na harufu nyingine, hata kwa mbali, anaanza upya.

Ndipo yakaja mafua yaliyomlaza kitandani. Alipoinuka, pua ilikuwa imebaki ya kuvalia miwani tu. Vitunguu, sabuni, mafuta ya taa, vyote hewa. Akangoja harufu zirudi. Hazikurudi. Alimwambia mumewe peke yake.

"Basi wewe ndiye utaninusia."

"Mimi? Mimi ninayekula chakula kilichoungua nikaomba nyongeza?"

"Nusa tu, baba watoto."

Akanusa. "Safi kabisa."

Pombe ile ikageuka siki. Iliyofuata nayo siki. Wateja waliionja kwa adabu, wakatua vikombe polepole kama watu wanaomlaza mtoto wa wenyewe.

Halafu akaja seremala, anayemwoza binti yake, akaagiza pipa zima. "Harusi bila pombe yako si itakuwa kikao cha msiba?" Mama Mapovu akaitikia. Alipobaki peke yake akapiga hesabu. Ya tatu ikiharibika, tena mbele ya mtaa mzima, jina lake litabaki la kuchekwa.

Siku ya kuosha alianza mapema. Mumewe akanusa koki. "Safi. Kapumzike sasa."

Mara akaingia jirani, fundi cherehani, kuazima chujio. Akaziba pua kwa kanga. "Mh! Mwenzangu, humu kimekufa nini?"

"Wapi?"

"Si hapo kwenye bomba! Au ndivyo inavyonuka? Mimi pombe kwangu zote zinanuka, nzuri na mbaya." Akachukua chujio, akaenda zake.

Mama Mapovu alimgeukia mumewe. Naye alikuwa akitazama ndala zake.

"Baba watoto."

"Naam."

"Ulisikia harufu gani?"

"Siki. Kidogo."

"Na zile mara mbili?"

"Miguu ilikuvimba, mama. Ulikuwa umesimama kutwa nzima. Ningekuambiaje uanze upya?"

Hata nguvu za kugomba hakuwa nazo. Akateka maji, akachemsha, akapitisha. "Vipi?"

"Bado."

Akarudia. "Vipi?"

"Bado."

Magadi yakaisha, kuni zikaisha. Akamtazama mumewe usoni, akaona uso wa mwanafunzi mbele ya mwalimu mkali.

"Ni bado kweli, au unaogopa kusema pametakata?"

"Sijui tena, mama. Kila nikiinama kunusa, naona uso wako tu."

Bomba likadondosha matone. Kisha fundi akasema, "Niukate, tuone ndani?"

"Utaweza kuuunga tena?"

Fundi akapapasa macho yake, ambayo mwanga wa kuchomelea ulikuwa umeyala mwaka baada ya mwaka. "Hapana."

Kesho yake Mama Mapovu alikwenda karakana kwa seremala. "Tafuta pombe kwingine, ndugu yangu."

"Ala! Siku hizi unaringa?" Seremala alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akaweka randa chini. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Neno la pua lilimfika mdomoni, likakwama. Fundi wa pombe asiye na pua, nani angemwagiza tena? Akarudi nyumbani. Harusi aliisikia kwa mbali, muziki ukivuka ukuta wa uani.

Hakuacha. Alipika kidogo kidogo kwa mtambo uleule, kiasi cha sufuria moja moja, nyingine ikitoka tamu, nyingine ikimwagwa mtaroni. Mtoto wa mdogo wake, sasa yuko kidato cha tatu, alimkuta siku moja akisimamia pampu, fundi ameinama kwenye koki. Fundi alipokwenda kuleta kuni, msichana akauliza tena lile swali lake la udogoni.

Safari hii mama mkubwa hakumfukuza. Alizima pampu kwanza.

"Zamani nilikuwa nanusa, mwanangu. Siku hizi naambiwa. Na anayeniambia ananipenda mno."