Upande wa Pili wa Kaseti

Mjomba alinipigia simu mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza, akaniambia nyumba ya bibi inabomolewa. Ukuta wa nyuma umeshalala wenyewe, akasema, na vijana wanataka kiwanja. Kuna sanduku la bati la marehemu ambalo hakuna aliyelifungua, njoo uchukue kilicho chako. Sikuwa na hamu ya safari. Kusema kweli siku hizi sina hamu ya mambo mengi; magoti yanauma na shule ninakofundisha imenimaliza. Lakini sanduku la bibi halikataliwi, basi nikapanda basi.

Usinicheke nikikwambia kwamba njia karibu yote nililala. Zamani kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga ulikuwa hulali, ulikuwa unashuka kusukuma. Sasa ni lami tupu, unafumbua macho umefika, na kutoka mjini hadi Chala hata simulizi la jirani yako wa kiti halijaisha. Kijana wa bodaboda akaniita maza, akafunga begi langu kwa mpira, tukaondoka. Upepo wa Ufipa ukanipiga usoni, mkavu, una harufu ya nyasi zilizoungua. Huo peke yake ndio uliokuwa vilevile.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba akaenda kuvua Ziwa Tanganyika akaoa hukohuko, na ile nyumba ya tofali za kuchoma nje kidogo ya Chala ikawa dunia yangu. Tuliamka kwa moshi na uji wa ulezi. Mvua zikikaribia kwisha tulikuwa shambani tukigeuza ntumba, yale matuta yetu ya duara ambayo nyasi unazilaza ndani na udongo unaufunika juu, zioze ziwe mbolea. Mimi nilikuwa mvivu, nasema wazi. Nikigeuza tuta moja yeye amegeuza matatu, kisha anasimama, anashika kiuno, ananiambia, "Udongo unakusikia unavyoguna." Mchana tulikula ugali wa ulezi na maharage, na siku ikiwa njema kulikuwa na mgebuka mkavu kutoka ziwani, sahani moja tu, mimi na yeye, na ile minofu ya mgongoni alikuwa anaisukumia upande wangu akijifanya haipendi.

Lakini kitu alichokishikia bango kuliko vyote kilikuwa salamu. Kwetu humwamkii mkubwa ukiwa umesimama kama mlingoti. Unachuchumaa, unakunja viganja, unapiga makofi ya taratibu, naye anakujibu kwa makofi yake. Anauliza habari za ulikotoka, unapiga makofi na kujibu. Anauliza shamba, unajibu. Anauliza mvua, watoto, wagonjwa, mpaka habari ziishe. Nikienda kisimani nikirudi, nimwamkie. Nikiharakisha au nikikosea, hakuwa anagomba. Aliweka viganja mapajani, akanyamaza, akasubiri nianze upya. Ugali ungepoa, kuku wangeingia ndani, yeye anasubiri tu.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka ya Sumbawanga yakaanza kujaa sabuni za rangi na mashuka ya maua, mitumba ikafika hadi Chala, na mjomba akanunua redio kaseti ya spika mbili ambayo alikuwa anaibeba begani hata akienda chooni. Parokia yetu ilikuwa na urafiki na parokia moja ya Ujerumani. Wakaleta habari kwamba wanataka mwanafunzi mmoja akakae kwao mwaka mzima, asome na watoto wao. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza changu kilikuwa cha kuvumilika, padre akanichagua mimi. Bibi hakulia. Alinisagia unga wa ulezi akautia kwenye foronya, akaishona mdomo, akanitafutia koti la mtumba la kijivu lililobaki na kifungo kimoja. Barua hakuzitaka, kwa sababu angezisomewa na katekista, na katekista wetu alikuwa hajawahi kukaa na neno la mtu. Mjomba ndiye aliyepata wazo la kaseti. Bibi angesema upande wa kwanza, mimi ningejibu upande wa pili na kuirudisha.

Sasa nikueleze nilivyofika. Mama mwenyeji alinifungulia mlango, mama mtu mzima, nywele nyeupe, anatabasamu. Nami nilikuwa nimesafiri siku nne, kichwa kinavuma, nikafanya lile moja nililolijua vizuri. Nilichuchumaa pale kizingitini, nikakunja viganja, nikaanza kupiga makofi. Masikini, akadhani nimezirai. Alipiga ukelele, mumewe akaja mbio, wakanishika makwapani, wakanilaza kwenye kochi na kunipa maji yenye gesi yaliyonichoma pua hadi machozi yakanitoka. Wakaona machozi, wakazidi kuogopa.

Alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya. Kesho yake alinifundisha taratibu: hapa tunasimama, tunatoa mkono, tunaubana kidogo, tunamwangalia mtu machoni. Kwangu mimi kumkodolea macho mtu wa umri wake kulikuwa ni utovu wa adabu kabisa, lakini alinifanyisha mazoezi palepale sebuleni mpaka nikaweza. Chakula nacho kilikuwa na mambo yake. Aliniuliza kama niongezewe, nikasema hapana, kama mtoto aliyelelewa, nikingoja anishurutishe. Akasema sawa, akaondoa bakuli. Karibu wiki nzima nilikaa na njaa kwa ajili ya adabu. Na kwenye ngazi za jengo lile watu walikuwa wanapishana kimya, bega kwa bega, kama mizigo. Nilikuwa nikifungua foronya ya ulezi, naingiza pua, navuta hewa, nafunga. Uchovu wa mwaka ule sijaupata tena, hata nilipojifungua mapacha. Unachoka kichwa, kwa sababu kila asubuhi inabidi ufikirie namna ya kuwa mtu.

Kaseti ililetwa na padre mmoja aliyekuja huko mapumzikoni. Nikajifungia chumbani, nikaiweka. Kwanza jogoo, kisha sauti ya mjomba, "Sema sasa, mama, inazunguka," kisha makofi. Bibi ameniamkia mimi kwanza, kama anavyoamkiwa aliye mbali. Akauliza nimeamkaje, akanyamaza. Aliacha nafasi nijibu. Akapiga makofi, akauliza masomo, akanyamaza tena. Unamsikia mjomba pembeni, "Betri, mama, betri," lakini yeye hakuharakishwa na betri za mtu. Habari zote aliziuliza hivyo, nusu saa nzima, na mwisho akasema, "Haya, na wewe sema, nikusikie." Nilikuwa nimechuchumaa juu ya zulia tangu mwanzo, namjibu kila swali. Miguu ilikufa ganzi. Nililia sana siku ile.

Mara ya pili niliisikiliza nimekaa kitandani. Mara nyingine nikichana nywele. Baadaye ikaingia kwenye droo. Si kwamba sikutaka kujibu. Nilibonyeza kitufe mara mbili tatu, nikakunja viganja, halafu nikasikia watoto wa nyumba ile wanacheka upande wa pili wa ukuta, wakicheka mambo yao tu, nami nikaona haya. Nikasema nitafanya Jumapili. Jumapili zikapita, kukawa na shule, kukawa na rafiki mmoja wa kwenda naye kutembea, na mimi nikaanza kuiweza mikono yao na macho yao. Kuna siku mama mwenyeji alinisifu kwamba sasa nimekuwa kama wao, na nilifurahi. Nilifurahi sana, ndugu yangu, siwezi kukuficha.

Nilirudi Chala mwezi wa nane. Mjomba alinipokea Sumbawanga, tukapanda lori la mahindi, tukafika jua liko utosini. Bibi alikuwa mlangoni, amefunga kitenge kipya. Nami nikamwendea mbiombio, nikasimama wima mbele yake, nikatoa mkono, nikamwangalia machoni.

Aliutazama mkono ule. Akafuta wake kwenye kitenge, akaushika, akaubana kidogo kama nilivyombana. Halafu akachuchumaa yeye, na umri ule, akanipigia makofi, akaniuliza habari za safari jinsi anavyoulizwa mgeni mkubwa. Akamwambia mjomba aniletee kiti. Chakula kilipoiva nikapewa sahani yangu peke yangu, na minofu ya mgongoni yote ilikuwa humo.

Kesho yake asubuhi nilitoka nikachuchumaa mbele yake nikaanza makofi. Bila ukali wowote akaniambia, "Inuka, mjukuu wangu, utachafua nguo zako." Nikajaribu tena keshokutwa yake, akasema hivyohivyo. Jioni moja akakumbuka kaseti. Nilitaka kusema imepotea, nikashindwa, nikaitoa. Mjomba akaweka upande wa pili. Ikavuma tu, shiii, hakuna mtu. Mjomba akanitazama, akanyoosha kidole azime, bibi akamzuia. Aliweka viganja mapajani, akakaa vile, akasubiri. Alisubiri mpaka kitufe kikaruka chenyewe. Kisha akainuka akaenda kufungia kuku.

Hakuwahi kunisema. Nikaenda kidato cha tano mkoa mwingine, nikaenda chuo, nikawa narudi likizo na kupewa kiti. Alifariki nikiwa kwenye mitihani ya mwisho, na kwa barabara za wakati ule nilifika wameshazika siku mbili. Mtu akiniuliza nilipata nini Ulaya, huwa namjibu kwamba nilijifunza Kijerumani.

Ndani ya sanduku kulikuwa na vitenge viwili, rozari, lile koti la kijivu na ile foronya, imefuliwa na kukunjwa. Kaseti ilikuwa ndani ya foronya. Sikujua kwamba aliitunza. Mjomba, ambaye sasa ni mzee wa fimbo, aliingia ndani kwake akarudi na redio yake ileile, spika moja imekufa. Tukakaa uani. Vijana walikuwa wanabomoa upande wa jikoni kwa nyundo, wakiitana mshikaji na kujibizana poa, na mmoja wao alinisalimu mambo bila kugeuka. Simlaumu. Katika ua ule mimi ndiye niliyetangulia kusimama.

Upande wa kwanza umechakaa. Sauti ya bibi imekuwa nzito, inajivuta, maneno mengine huyapati kabisa. Makofi ndiyo yaliyobaki safi. Makofi, kimya, makofi, kimya. Mjomba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na safari hii hakutaja betri.

Ilipokwisha nikaigeuza. Nikamwomba anibonyezee ile nyekundu ya kurekodi, akabonyeza bila kuniuliza. Nikashuka kwenye kiti. Magoti yalilia, nikashika ukuta, nikachuchumaa vile alivyotaka mwenyewe, nikakunja viganja, nikamwamkia. Nilimwambia nimeamka salama. Nilimwambia masomo yalikwisha vizuri, na watoto ni wawili, na shamba sikulima. Nilimwambia kwamba niliona haya, na kwamba bado naona haya. Nyundo zilikuwa zinaingia humohumo kwenye kaseti, sikuwaambia vijana waache. Na kila nilipomuuliza jambo nilipiga makofi, nikanyamaza kidogo, nikamwachia nafasi ya kujibu.