Kombati ya Baba na Yeboyebo za Bluu

Nilivaa kombati ya baba. Naliweka hili mwanzoni kabisa, kabla wadogo zangu hawajakua wakalisimulia kwa namna yao. Wakilisimulia wao nitaonekana mjinga zaidi, na ujinga nilioufanya unatosha.

Kombati yenyewe ni ya zamani, imepauka magotini, na ilikuwa ikining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi tangu baba aondoke. Haikuwa kitu cha kuchezea. Baba ana sheria chache nyumbani, na ya kwanza ni kwamba nguo ya jeshi haivaliwi na raia.

"Mimi si raia, mimi ni mwanao," nilimwambia siku moja.

"Wewe ni raia anayekula chakula changu," akanijibu.

Tena si sheria yake peke yake. Ukikutwa barabarani na kombati isiyo yako, utajieleza mahali ambapo utani wangu haumchekeshi mtu. Nililijua hilo. Bado nikaikunja pamoja na kofia yake, nikaipachika ndani ya begi la shule kati ya kitabu cha kemia na cha fizikia. Mama alipouliza mbona begi limevimba, nikamwambia mtihani umekaribia. Akafurahi. Nilimfurahisha mama yangu kwa uongo, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake pekee wiki ile.

Baba yuko misheni ya kulinda amani, nchi ya jirani, tangu mwanzoni mwa mwaka. Kawaida hupiga simu Jumapili jioni. Kisha Jumapili moja hakupiga, tukasema mtandao. Ya pili hakupiga, hatukusema kitu. Mama akaanza kulala na simu mkononi, na asubuhi moja akatia chumvi kwenye chai, akainywa mpaka mwisho bila kushtuka. Mimi yangu nilimwaga kwenye ndoo ya maua.

Ni kina mama wenzake wa kwaya waliomsukuma. "Watoe hao watoto," walimwambia, "nenda nao ziwani siku mbili upumzishe kichwa." Wakamtafutia chumba kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, mbele ya Pasiansi ukielekea Kayenze, pembeni kabisa mwa maji. Sisi tunakaa Mkolani, ambako ziwa unalisikia zaidi kwenye bei ya samaki. Basi Ijumaa baada ya shule tukapakia ndoo, jiko dogo la gesi, unga na wadogo zangu wawili kwenye bajaji: wa kiume wa darasa la pili, na kitinda mimba wetu wa kike ambaye ana miaka minne na sauti ya mnada.

Kabla ya kuendelea lazima niseme kitu mama anachokiogopa. Nakijua, maana nilikuwepo.

Kabla ya kuhamia Mkolani tulikaa kwenye kota za jeshi. Alasiri moja mama alikuwa nje akimsaidia jirani kuanua nguo. Mume wa jirani naye alikuwa misheni. Wakatokea watu wawili kwa miguu, askari mwenye kombati na mchungaji mwenye kola yake nyeupe, wanatembea taratibu. Kotani hakuna mke asiyejua maana ya wawili hao wakija pamoja mchana, tena taratibu: kuna mume ambaye hatarudi. Jirani aliwaona wakiwa bado mbali. Aliendelea kuanua, nguo moja moja, anaikunja, anaiweka kwenye beseni, mpaka kamba ikabaki tupu. Ndipo akakaa chini. Mama alikuwa amesimama pembeni yake ameshika kikapu cha vibanio.

Mama hajawahi kulizungumza hilo nyumbani. Ila tangu siku hiyo hapendi kuona askari na mchungaji wamesimama pamoja, hata kwenye harusi.

Kwa hiyo nilijua yote. Tatizo langu ni kwamba kichwa kinajua mengi, lakini miguu haina kawaida ya kukiuliza.

Jumamosi ilianza vizuri. Mama alituambia tusiingie majini kwa sababu ya kichocho, tukaingia mpaka vifundoni, akatuona, akatuacha. Hapo ndipo nilipojua hali yake si nzuri. Siku za kawaida kichocho kingenifikia kwa njia ya kandambili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameokota fimbo, akaigeuza bunduki, akawa analinda ufukwe wote.

"Simama! Nani wewe?"

"Kaka yako."

"Lala chini!"

"Nikilala utanipa nini?"

Wakati tunabishana akatokea kenge juu ya jiwe, mkubwa kama mguu wa mtu, akatoa ulimi. Sitaki kueleza nilichofanya. Mdogo wangu alibaki pale pale na fimbo yake, na nilipogeuka nikiwa salama karibu na ngazi, alikuwa ananicheka mpaka anajishika tumbo.

"Wewe huwezi kuwa askari kama baba! Unakimbia kenge!"

Kitinda mimba akayageuza maneno hayo wimbo. "Kaka kakimbia kengeee." Aliuimba mpaka wakati wa chakula, na wakati wa chakula, na baada ya chakula.

Kombati nilikuwa nimeibeba ili nipige nayo picha kwenye mawe tu, lakini wimbo ule ndio ulionivalisha. Sikuwa nimemfikiria mama hata kidogo. Nilitaka tu kutokea kwenye mawe kama afande wa kweli, nimwambie yule kuruta wa darasa la pili apige pushapu, atetemeke, halafu nivue kofia nimcheke. Mawe ya kwetu unayajua, makubwa kama nyumba, yamebebana. Nyuma yake unaweza kubadilisha nguo hata ukiwa kwaya nzima. Nikavaa shati, suruali, kofia nikaishusha mpaka kwenye nyusi. Urefu wa baba ninao, upana ameendelea kuushikilia mwenyewe. Mabuti alikuwa ameondoka nayo, kwa hiyo chini nikabaki na yeboyebo zangu za bluu.

Nikatoka nyuma ya jiwe kwa hatua za gwaride, nikagongana na mchungaji.

Huyu ndiye mzee anayeitunza ile nyumba ya wageni. Kola yake haivui hata akienda kuwapa kuku maji. Goti lake moja ni bovu na siku ile hakuwa na miwani.

"Ooh, afande!" akasema, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mchungaji."

"Marahaba. Umetokea kambi gani?"

"Hiyo ni siri ya jeshi," nikasema, kwa sauti niliyoichimba chini kabisa ya tumbo.

Akatikisa kichwa kwa heshima. "Kweli, kweli. Basi Mungu mwenyewe amekuleta. Kuna mama hapa na watoto wake, mume wake ni mwenzenu, yuko misheni. Hana amani, nimemwona tangu jana. Njoo umsalimie, umtie moyo."

"Nina haraka kidogo, mchungaji."

"Dakika moja tu, mwanangu." Akanishika mkono kwa sababu ya lile goti, tukaanza kwenda.

Sentensi niliyohitaji ilikuwa fupi: mchungaji, mimi ni mtoto wake. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini nilikuwa nimeshamwambia mambo ya siri ya jeshi, na niliona aibu. Nikainamisha kichwa ili asinione usoni. Kwa hiyo tukawa tunakuja hivyo: kombati, kola nyeupe, kichwa chini, taratibu.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi za chumba chetu na beseni, anaparua magamba ya sato wa jioni. Wadogo zangu walikuwa wanacheza pembeni yake. Nilipoinua macho chini ya kofia nilimwona naye ameinua yake.

Hakupiga kelele. Aliweka kisu ndani ya beseni. Akawaambia wadogo zangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ingieni ndani. Fungeni mlango." Akasimama, akafuta mikono, akafungua kitenge chake, akakifunga upya vizuri kiunoni. Halafu akaangalia huku na huku kwenye ile ngazi kama mtu anayetafuta kazi nyingine ya kufanya, na hakukuwa na kazi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Miguu ikataka kugeuka, lakini mchungaji alikuwa ameniegemea.

"Mama," mchungaji akasema kwa furaha, "nimekuletea mgeni kutoka jeshini."

"Semeni," mama akasema.

Nikafungua mdomo. Sikujua nitumie sauti ipi, ya afande au yangu. Sijui tungesimama pale mpaka lini. Dirisha likafunguka, kitinda mimba akatoa kichwa.

"Mama! Mbona askari kavaa yebo za kaka?"

Mama akashusha macho mpaka kwenye miguu yangu. Akaziangalia zile yeboyebo muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyowahi kuziangalia. Nikavua kofia.

"Mama, ni mimi."

Hakunipiga. Ningepigwa ningelala vizuri. Alikaa tena kwenye ngazi, akamchukua yule yule sato ambaye alikuwa ameshamaliza kumparua, akaanza kumparua upya, mpaka ngozi ikaanza kutoka. Mchungaji alisogeza uso karibu na wangu mpaka akanitambua.

"Siri ya jeshi, eh?" akasema. Akakaa kwenye ngazi pembeni ya mama, goti lake na yote, na hakuondoka mpaka ugali ulipoiva.

Jumapili ibada ilikuwa hapo hapo. Alihubiri juu ya mbwa mwitu wanaovaa ngozi ya kondoo. Miwani alikuwa ameivaa na alinipata bila shida, benchi la tatu.

Tulikuwa tunafunga mizigo simu ilipolia. Namba ndefu, ya nje. Mama alipokea akiwa amesimama, akakaa, akasema, "Uko mzima?" Akasikiliza. "Umekula?" Akasikiliza tena, na machozi yakawa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia. Baba na wenzake walikuwa wamehamishiwa mahali ambapo mtandao haufiki, ndiyo basi. Kitinda mimba akanyakua simu.

"Baba, jana kaka alikuwa wewe!"

Mama akaichukua, akanipa. "Mweleze."

Nikamweleza baba yote, na yeboyebo nikazitaja. Mwanzoni alicheka, nilimsikia kabisa. Halafu akauliza, "Nani alikuwa na wewe?"

"Mchungaji."

"Mwenye kola?"

"Ndiyo, baba."

"Mpe simu mama yako," akasema.

Sijui walizungumza nini. Mama alitoka nayo nje, akasimama karibu na maji. Tulipofika Mkolani alitoa kombati kwenye begi mwenyewe, akaipeleka puani, akaishika hapo kidogo, akaniwekea kwenye beseni pamoja na sabuni. Niliifua vizuri, kola na magoti, nikaikamua, nikaelekea kwenye kamba iliyo mbele ya nyumba, tunakoanika siku zote. Mama alikuwa mlangoni.

"Kaianike nyuma," akasema. "Sitaki nifungue mlango niikute imesimama."