Kitenzi cha Firauni Mezani kwa Wakwe

Wacha nicheke kwanza mimi mwenyewe, kwa sababu nikimaliza mtanicheka nyinyi mpaka keshokutwa, na ni haki yenu.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa karani pale Makadara, mshahara mdogo mdomo mkubwa, na kwa muuza vitabu vya mitumba nikawa nimeokota kimoja cha Kimisri cha kale, nikajifunza kitenzi kimoja tu, meri, yaani kupenda (kimoja, lakini Jogoo Road yote ilijua mimi msomi). Si kigumu, sisi tunamweka mtu mbele, nina, una, ana, wao wanambandika nyuma kama mkia: meri ni napenda, merek ni wewe, meref yeye mwanamume, meres yeye mwanamke.

Basi msichana wangu Nduku akanipeleka kwao, mtaa wa Tena, nionekane na wazazi, watu wa wokovu kabisa, nami nilijua nikiharibu siku hiyo Nduku nimemkosa. Kuku akaletwa mezani, mama yake akanigeukia mimi, akasema, "Baba, tuombee chakula." Si ningesema asante Mungu, amina, tukala? Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu, nikafumba macho, nikaanza kwa sauti ya nabii, meri, merek, meref, meres, nilipofika mwisho nikarudia.

Mzee akauliza hiyo ni lugha gani. Nami, mjinga wa watu, nikajibu kwa fahari, "Ya Firauni."

"Ashindwe!" mama mtu akasema, akawaita majirani wenzake wa ushirika, wakanizunguka mikono kichwani wakikemea pepo wa Misri, na kila nikieleza kwamba ni kitenzi tu, wanaona ni pepo anajitetea, na kuku anapoa. Mwisho nikaelewa kwamba hawataacha mpaka nianguke, nikaanguka (nilichagua upande wa kochi), wakaimba, nikakubaliwa kuwa mkwe, ila kuku nikapewa shingo, na Jumapili nitoe ushuhuda kanisani kwamba Firauni amenitoka.

Nduku alinisindikiza hadi barabarani akitangulia mbele yangu, nikajua ni aibu niliyomtia. Kumbe sivyo. Akaniuliza lile neno maana yake nini, nikamwambia.

Akasimama. "Umewaambia mashetani wa Misri wote. Mimi hujaniambia hata kwa Kiswahili."

Jamani, ilikuwa kweli.

Siku hizi nikiombwa kuombea chakula nasema asante Mungu, amina, nakaa chini. Halafu namgeukia Nduku namwambia lile neno lingine, kwa Kiswahili, wageni wawepo wasiwepo.