Kona Aliyoijua Nabwile

Nabwile wa Kanduyi anaendesha lori la mahindi, na sitaficha: namwonea wivu mpaka leo.

Mimi ni Kipkosgei, fundi wa redio hapa Kitale. Dukani nina kompyuta ya zamani, ile ya kuunganishwa na televisheni, na mchezo mmoja wa mbio za magari ulio kwenye kaseti. Kaseti hupiga kelele dakika tano nzima ndipo barabara itokee. Ukizima, alama zote zinafutika, kwa hivyo mimi huziandika kwa chaki nyuma ya mlango. Miaka tisa jina la juu ni langu. Mke wangu Sally husema hata shamba letu silitunzi hivyo. Hajui utamu wa kuitwa bingwa na kila anayeingia.

Lakini kuna kona moja kali, chini ya mteremko, ambayo hakuna aliyewahi kuipita, hata mimi. Nikikanyaga breki gari linateleza, linalipuka.

Jumanne asubuhi Nabwile aliniletea redio ya lori. Mwanamke huyu alianza kwa kushona magunia sokoni, akawa mpakiaji, na mumewe alipougua akashika usukani mwenyewe. Miaka kumi na miwili sasa anatoa mahindi Suam hadi Bungoma. Nikampa mchezo ajishughulishe huku nikitengeneza. Ujinga wangu mwenyewe.

Alicheza kimya, kiwiko nje, utadhani kuna dirisha. Alama zikapanda. Nikaacha redio. Kufika kwenye mteremko hakugusa breki kabisa. Alipunguza gia mapema, vile madereva wa malori wanavyoshuka na mzigo mzito. Gari likaingia kwenye kona taratibu, likaanza kuimaliza. Roho ikaniuma kweli. Nikanyoosha mguu chini ya meza, nikang'oa plagi.

"Stima imepotea," nikasema.

Kwa jirani yangu Gathii, kinyozi, mashine ya kunyolea iliendelea kunguruma. Nabwile akasikiliza, akanigeukia.

"Fundi, si ni wewe umezima?"

Nikashindwa kukana. "Ulikuwa karibu kunipita, dada. Zile namba za juu."

"Ati hizo ni alama? Mimi nilikuwa naangalia barabara tu, bana." Akacheka, hana kinyongo, na hilo likaniudhi zaidi. "Washa basi, nione mbele ya hiyo kona kuna nini."

Nikarudisha kaseti mwanzo upesi upesi. Kabla haijamaliza kelele zake, simu yake ikaita: Bungoma walikuwa wanangoja mahindi. Akachukua redio yake, ambayo sikuwa nimeimaliza, akaenda.

Tangu hapo nimejaribu kwa gia kama yeye, na gari linalipuka palepale. Wateja bado wananiita bingwa, nami naitika. Mbele ya ile kona kuna nini, sijui. Mtu pekee aliyekuwa akinipeleka huko, nilimkatia stima mwenyewe.