Nta Ndani ya Tarumbeta

Mimi sina ulimi mtamu, na wateja wangu wanajua. Baba yangu alikuwa fundi bati hapa Gongoni. Alinifundisha kulehemu kabla sijajua kusonga ugali, na alipofariki nikarithi kibanda, nyundo zake na hasira zake. Zamani watu walipanga foleni na masufuria yaliyotoboka. Siku hizi sufuria likitoboka linatupwa jalalani, na dada zangu wamenichosha kwa ushauri: achana na mabati, uza ndoo za plastiki.

Kwaresima iliyopita akaja mzee mmoja, mkulima wa Ntalikwa, amefunga mzigo nyuma ya baiskeli. Akaufungua. Lilikuwa tarumbeta la besi la kanisani kwao, lile kubwa la kukumbatiwa kwa mikono miwili. Lilimponyoka njiani, baiskeli ikalilalia, na kona ya chini ikabonyea na kupasuka. Alfajiri ya Pasaka watu wa kanisa lao huenda makaburini na bendi, wakawapigie marehemu wao habari ya ufufuko, na besi hilo amelipuliza yeye tangu ujana. Safari hii mkewe alikuwa miongoni mwa waliolala pale. Mafundi wote mjini wamemwambia halitengenezeki, anunue jipya. Katibu wa kanisa, aliyefuatana naye, alikwisha kuazima spika. Tarumbeta lisipolia kufikia Jumamosi Kuu, alisema, linakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kisha huyo katibu akanitazama, mimi na ushungi wangu, akauliza fundi yuko wapi. Loo! Nikamjibu fundi ndiye huyu anayemwona, na mdomo ukaniponza hapo hapo: likinishinda, nafunga kibanda, nauza ndoo. Majirani wote wakasikia.

Nikaibandua ile kona kwa moto. Nikasukuma bonde kwa ndani na kijiti kinene cha mninga, halafu nikafuata njia ya baba. Unayeyusha nta ya nyuki, ambayo Tabora hatumwombi mtu, unaimimina ndani ya bomba mpaka lijae. Ikishaganda unagonga kwa nje upendavyo, na bomba halijikunji. Ukimaliza unaiyeyusha tena itoke, ndipo unaziba ufa kwa risasi ya kulehemia. Nikaziba, nikairudisha kona mahali pake. Nikaziba mdomo mpana wa tarumbeta kwa tambara, nikapaka povu la sabuni kwenye kiraka, nikapuliza, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Halikutoka hata povu moja. Nikajisifu mwenyewe, na picha nikawatumia dada zangu.

Jumamosi Kuu alasiri wakaja wote wawili. Mzee akalikumbatia, akapuliza. Kimya. Akapuliza tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hata mluzi haukusikika. Katibu akatoa simu kumtafuta mtu wa vyuma. Niliona aibu, jamani, nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mzee akafuta tarumbeta kwa kitambaa, polepole.

"Usijali, mwanangu," akasema. "Nitamwambia mwenyewe kwamba tulijaribu."

Alikuwa anamsema mkewe. Maneno yale yalinichoma, na kwa uchungu ule akili ikanirudia. Povu halikutoka kwa sababu pumzi haikufika kwenye kiraka! Kwa haraka zangu sikuigeuza kona vizuri nilipokuwa naiyeyusha nta, na sehemu yake ilikuwa imeganda humo ndani, imeziba bomba zima. Nikamwambia katibu akate hiyo simu.

Nikaazima kwa jirani sufuria la ubwabwa wa shughuli, ambalo nimelitia kiraka mara mbili kwa mikono yangu, nikakoka moto. Katibu akaanza kulalamika kwamba risasi nayo itayeyuka. Nikamwambia maji ya moto yanaiweza nta, hayaiwezi risasi. Hayo nimeyajua nikiwa na miaka tisa. Tukaizamisha kona, nikaigeuza huku na huku, na nta ikapanda juu ya maji, utando mzima wa manjano. Nikapaka povu upya. Mara hii yakatoka mapovu mawili, nikayanyamazisha kwa tone la risasi. Mzee akapuliza sauti moja tu, nene, akaacha. Nikamwuliza mbona haendelei. Akasema zilizobaki zina mwenyewe.

Nilisali alfajiri nikapanda bodaboda mpaka Ntalikwa. Nikasimama ukingoni mwa makaburi, maana mimi si wa kanisa lao. Spika ilikuwa imefunikwa turubai. Tarumbeta ndogo zikaanza, kisha besi likaingia, nikalisikia mpaka kwenye nyayo. Mzee alikuwa amesimama mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujashuka. Nilifurahi nikasahau nilipo. Ndoo za plastiki wauze wenyewe! Kigelegele kikanitoka, kirefu, hapo hapo makaburini.

Watu wakageuka, katibu akiwa wa kwanza. Nikaziba mdomo kwa ushungi. Halafu mwanamama mmoja wa kwaya akanijibu kwa kigelegele chake, na mwingine, na mwingine, mpaka makaburi yote yakawa na shangwe. Mzee peke yake hakugeuka. Alivuta pumzi, akalipuliza kwa nguvu zaidi.