Viini Vilivyozimika

Katikati ya miaka ya tisini, katika maabara ya Lodwar nilikofanya kazi, tulibakiwa na kipande kimoja cha kioo. Juu yake zilikuwa zimekaushwa seli za binadamu, zilizoletwa kwa ndege ndani ya barafu. Ukidondoshea maji ya damu ya mgonjwa, kisha rangi maalumu, utajua kama damu yake inashambulia protini za viini vya seli zake mwenyewe. Kama inashambulia, viini huwaka kijani.

Damu siku ile ilikuwa ya muuza chai wa kambini Kakuma, mwanamke mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan. Viungo vilimuuma, nywele zilimtoka. Kipimo cha kambini kilikuwa kimesema ana virusi vya ukimwi, na shemeji zake walikuwa wameshafunga mizigo. Wangewavusha watoto wake wawili mpaka wa Nadapal, kurudi Sudan, asipoleta karatasi ya kukanusha. Daktari wetu alishuku ugonjwa mwingine, ambao wakati mwingine hukidanganya kipimo kile. Ila hakuandika asichokiona.

“Kikiwa tayari kitazame kidogo tu, zima taa, uniite,” aliniambia akikimbilia chumba cha upasuaji. “Mwanga unaoviwasha ndio unaovila.”

Nilijua. Nilikuwa nimewafundisha wengine neno hilohilo.

Niliziba dirisha kwa blanketi, nikainama kwenye hadubini. Viini viliwaka. Kijani kitupu, kimya, kama macho ya mbuzi yakipigwa na tochi. Chini ya bati lile la moto sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri hivyo. Badala ya kuzima, nilitoka uani alikokuwa ameketi yule muuza chai, nikamshika mkono, nikamwingiza. Nilitaka aone kwamba hakulaaniwa.

Alitazama muda mrefu. Akauliza kama taa zile ni zake. Nikamjibu, zote. Akasema wateja wake hulalamika chai imepoa, kumbe moto wote ameuficha humu. Tukacheka, na taa ya hadubini ikiendelea kuwaka.

Daktari aliingia mikono ikiwa bado na maji. Aliinama, akasogeza kioo huku na huku. Giza.

“Nani mwingine ametazama?”

Nilimwambia. Nikamwambia tumeona, mimi na mgonjwa, watu wawili. Alivua miwani akaifuta, wala hakupaza sauti.

“Ninyi mmeona, dada. Mimi sijaona. Niandike nini?”

Aliahidi kuagiza vioo vingine. Saa tisa msafara wenye askari ukaondoka kurudi Kakuma, na muuza chai akapanda lori bila karatasi. Nilisimama chini nikifuta machozi. Aliinama juu ya mbao za lori.

“Usilie, dada yangu. Mimi nitaambia wao nimeona na macho.”

Vioo vilifika baada ya wiki nyingi. Nilipanda gari la kwanza kwenda kumtoa damu upya. Nilimkuta kibandani, birika likiwa juu ya jiko lisilo na moto. Mkeka wa watoto ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa ukutani. Nikamsalimu kwa Kiturkana, ejok. Alikunja mkono wa gauni kabla sijafungua sanduku langu, akaniuliza kama karatasi hiyo, ikipatikana, inaweza kuvuka Nadapal.

Nilifungua sanduku, nikaanza kutafuta mshipa.